Somo Asiyemfunika Bi Harusi

Katika miaka yote niliyomjua Somo, sikumwona hata siku moja akakaa kitako akamaliza kikombe cha chai. Alikunywa amesimama, mkono mmoja umeshika sahani, wa pili unanyoosha pazia, unasukuma kiti, unafungua dirisha alilolifunga mwenyewe punde hivi. Ukimwambia, "Somo, kaa basi," anakujibu, "Mie figa nikae?" Na ukimwacha asimame, atalalamika kwamba wasichana wa siku hizi hawajui hata kumkaribisha mtu kiti. Humwezi. Mimi nilijaribu, nikachoka, nikampenda hivyo hivyo alivyo.

Alizaliwa wapi na kwa nani, sitaki kuingia huko. Mwenyewe alitoa hadithi mpya kila mwaka, na zote alizisimulia vizuri. Tulimwita Somo kwa sababu ndiyo kazi iliyomtambulisha. Waswahili wa Jeddah, wale ambao wazee wao walitoka Unguja zamani na sisi wa juzi tuliofuata kazi za nyumbani, tulijua kwamba bi harusi akitaka kutandwa kwa adabu, anaitiwa Somo. Hata Waarabu wenyewe, wale wa nyumba za kale, walimtuma dereva akamchukue. Walimtaka kwa ajili ya sanduku lake.

Ndani ya sanduku mlikuwa na mitandio ya hariri iliyotarizwa zama za Waturuki, walipokuwa wao ndio watawala wa Hijazi. Alirithi kwa bibi mmoja wa asili ya Kituruki aliyemtumikia alipokuwa msichana. Bibi yule hakuwa na mtoto wa kike, na kabla ya kufa akamkabidhi Somo mitandio pamoja na masharti yake. Ukiutazama mmoja kwa mbali unaweza kuudharau. Hariri nyembamba, rangi ya maziwa yaliyolala, wala si mkubwa. Ukisogea ndipo unapoiona kazi. Pembeni pote maua yametarizwa kwa nyuzi za rangi na zari, na ukiugeuza, upande wa pili maua ni yale yale, hakuna fundo, hakuna uzi unaoning'inia, hujui mgongo uko wapi. Ukingoni mna vijiua vilivyofumwa kwa sindano, kila kimoja kama punje ya mtama.

Somo alishikilia kwamba maua yale ni karafuu. Nilimwambia Uturuki hakuna karafuu.

"Umefika?" aliniuliza.

Sijafika.

"Basi nyamaza."

Mitandio hiyo hakuikunja. Hariri ya umri ule, mkunjo wa leo ni ufa wa kesho. Aliuviringisha kila mmoja kwenye mwanzi uliozungushiwa kitambaa cha pamba, na udi aliupiga marufuku chumba kizima. Mswahili asiyefukiza nguo za harusi! Wageni walishangaa, wengine wakanong'ona kwamba amerogwa. Yeye alisema moshi unaitia zari weusi, na kwamba bi harusi akinukia mwilini inatosha, kichwani anukie alivyoumbwa. Na kama mtu aling'ang'ania chetezo, alimtupia moja tu: "La kuvunda halina ubani, bibi. Kama ndoa ishaoza, huo udi wako utasaidia nini?" Hayo aliyasema mbele ya mama wa bwana harusi, kwa sauti, huku anatafuta pini.

Nilimjua kupitia madam wangu. Nilikuwa nikifanya kazi nyumbani kwao Al-Hamra, jumba la karibu na bahari ambayo mimi niliiona tu nilipotoka kutupa taka. Binti wa nyumba alikuwa anaolewa, na siku ya hina madam alitaka mambo ya kikale. Huko, hina ikiwa tayari bakulini, bi harusi huketishwa amevishwa mavazi mazito, na hizo nyumba zilizomfuata Somo ziliongeza lao: mtandio unashushwa juu ya kichwa mpaka ufunike uso, na chini ya hariri hiyo ndipo bi harusi anapakwa hina kiganjani. Ukifunuliwa, mtoto wa watu ameshakuwa mke. Somo aliwakuta wafanyakazi jikoni, akasikia Kiswahili changu, akanitoa kwenye vyombo bila kumwomba mtu ruhusa.

"Wewe wa wapi?"

"Mombasa."

"Haya Mombasa, njoo unishikie pini. Yalla."

Na jina langu likafa siku hiyo. Mpaka leo kwake mimi ni Mombasa, kana kwamba mji mzima nimekuja nao.

Niliona mtandio umekaa upande, nikanyoosha mkono niurekebishe. Akanipiga kofi la kiganja, pah, mbele ya madam na wageni wake.

"Umeolewa mara ngapi?"

"Mara moja, Somo."

"Mume yuko wapi?"

"Kwa mke mwengine."

"Basi rudi nyuma."

Niliudhika, sifichi. Nilirudi nyuma uso unawaka, nikajiapiza kwamba kikongwe huyu sitamsalimia tena. Alasiri ile ile akanifuata jikoni na sahani ya vileja, akanilisha kimoja kwa mkono wake kama mtoto, akanieleza. Anayeushusha mtandio sharti awe ameolewa mara moja tu, mumewe yu hai na wanapatana, na hajazika mtoto. Yule bibi wa Kituruki alimwita mwanamke wa namna hiyo mwenye kichwa kizima. Bahati yake inateremka na hariri, inamwingia bi harusi. Na mkosi nao unateremka vilevile.

"Nawe Somo? Mbona hukuushusha mwenyewe?"

Akacheka mpaka akashika meza. "Mie? Waume watatu, Mombasa! Wawili wameniacha, wa tatu akaona aibu kuniacha, akafa."

Hapo ndipo nilipoanza kumwelewa, na kutomwelewa. Mwanamke huyu hakuamini kitu. Hirizi alizifumua aone kilichoandikwa. Waganga aliwaita wauza vumbi. Rafiki yake mmoja alipoacha safari kwa sababu bundi amelia, Somo alimwambia bundi naye ana koo. Lakini sharti la kichwa kizima alilishika kuliko walioliweka. Aliwatoa vyumbani mama wazazi waliofiwa na waume zao, akawaweka nyuma mashangazi walioachwa, na wengi walitoka wanalia. Mikono iliyotandaza mitandio ile, ikaiviringua, ikaitia pini, ilikuwa yake. Ikifika pale pa kuushusha, anajitenga, anakwenda kusimama nje ya mlango hadi vigelegele vipigwe.

Alikuwa mwongo pia, tuseme kweli. Kila familia iliambiwa kwamba mtandio wake huu ulivaliwa na binti wa Pasha fulani. Mapasha wakazidi, hata nikamwuliza Hijazi ilikuwa na Mapasha wangapi. "Wa kutosha," alinijibu. Lakini akimwona bi harusi mnyonge, anayeolewa bila shangwe, hakuuleta uongo wa Pasha. Alimfunga vishikizo taratibu na kumwambia, "Huu aliuvaa msichana kama wewe, alikuwa na hofu kama wewe, na mambo yakawa." Sijui kama hilo nalo lilikuwa uongo. Nilipenda asikie yule msichana, basi.

Bwana mmoja wa kukusanya vitu vya kale alitoka Riyadh kuja kumshawishi amwuzie, aitie kwenye kabati la kioo watu watazame. Somo alimpokea vizuri, akamlisha biriani, akamwonyesha yote. Halafu akamwambia, "Mtandio hutaka kichwa, mwanangu. Kioo kina kichwa?" Yule bwana akaanza kueleza kuhusu mwanga na unyevu. Somo alikuwa ameshatoka, anabishana na jirani juu ya ndoo.

Makazi yalimshinda vilevile. Nilimkuta mtaa wa Hindawiya, kwenye nyumba ya vyumba viwili yenye ngazi ya kuua mtu. Siku nyingine naenda, naambiwa amehamia Kandara, juu ya duka la mabegi. Kandara akasema kelele. Akarudi Hindawiya, mtaa wa nyuma, akasema kimya. Sanduku lilikwenda naye kila mara, limebebwa na vijakazi tusiolipwa, yaani mimi na yeyote aliyekuwa na Ijumaa ya mapumziko. Nilimwuliza anakimbia nini. Akaniambia nikaze mkono, sanduku linainama.

Alichokuwa anakikimbia nilikijua kipande kipande, mara akikaanga, mara akitafuta miwani, kamwe si kwa kukaa tukazungumza. Alikuwa na binti mmoja, na binti huyo alikuwa Riyadh, na hawakuwa na mazungumzo. Siku ya Idi walipigiana simu. Nilisikiliza moja.

"Joto huko?" aliuliza Somo.

"Joto, mama. Huko?"

"Joto."

Halas. Akaiweka simu, akazunguka chumba, akasugua sufuria iliyokuwa safi.

Kisa kilikuwa hiki. Binti alipoolewa, Somo aliitafuta Jeddah nzima mpaka akampata mwanamke ambaye mumewe alikuwa bado anamwita bi harusi mbele ya wajukuu. Hakuna kichwa kilichokuwa kizima kuliko hicho. Akamleta, akampa mtandio bora kuliko yote, na yeye akatoka. Safari hii hakusimama mlangoni. Alikwenda mpaka barabarani, ili hata kivuli chake kisimguse mtoto. Binti aliketi pale amevishwa, akainua macho amtafute mama yake, asimwone. Akafunikwa na mtu asiyemjua. Alipofunuliwa, mama bado hayupo. Watu wakauliza, mama wa bi harusi yuko wapi, na hakuna aliyejua la kujibu. Binti alichukulia kwamba mama yake amemkimbia siku ya siku. Mume alimpeleka Riyadh, akazaa naye mtoto wa kike, kisha akamwacha. Alipoachwa hakurudi kwa mama. Alibaki huko huko, akamlea mwanawe.

"Si nilikuwa namkinga?" Somo aliniuliza siku moja, mgongo amenigeuzia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Lakini nilikuwa na hasira naye, na nilikuwa na hasira na binti, na zaidi nilikuwa na hasira na yule bibi wa Kituruki aliyekufa zamani akaacha masharti.

Baadaye familia niliyoifanyia kazi ilihamia Riyadh. Kafili, mdhamini wangu, ni baba wa nyumba, ikama yangu, kile kibali cha kukaa nchini, iko kwake, basi nami nikahama, hakuna aliyeniuliza. Riyadh ilinichosha, mji mkavu usio hata na harufu ya bahari usiyoiona. Somo alinipigia simu kila alipokumbuka. "Uko wapi?" Niko Riyadh, Somo. "Bado?"

Kisha simu zikageuka. Mjukuu alikuwa anaolewa. Msichana huyo, aliyelelewa Riyadh na Kiswahili chake cha nusu nusu, alimpigia bibi yake mwenyewe, si kupitia kwa mama, akamwambia: "Bibi, nataka mtandio. Na nataka wewe ndio unifunike. Kama si wewe, sifunikwi na mtu." Mama yake alikuwa pembeni, anasikia.

Somo hakulala vizuri tangu hapo, na mimi pia. Akiushusha kwa mkono wake, aliamini kabisa kwamba anamteremshia mjukuu wake talaka mbili na jeneza. Asipoushusha, amemkimbia wa pili, na binti hatapokea hata ile simu ya joto. Alinipigia nikiosha choo, nikipika, nikipeleka watoto kwenye gari la shule. "Mombasa, nimeumwa, siwezi kusafiri." Nikasikia nyuma yake muuza matunda, na yeye anamkosoa juu ya maembe. "Mombasa, nikutumie mtandio, wewe useme nimekufa." Nikamwambia Somo, ukishakufa utamsalimiaje mwanao Idi? Akakata.

Mwisho alikuja, kwa basi, safari ya mchana kutwa kuikata nchi. Ndege aliikataa, alisema unafungwa mkanda kama furushi na kutembea huruhusiwi. Mwanzi wenye mtandio aliuweka mapajani njia nzima. Madam alinipa ruhusa ya alasiri ile kwa sharti nimletee picha ya mtandio, nikamfuata Somo nyumbani kwa binti.

Nilimkuta koridoni, anazunguka, na pembeni yake mama mmoja wa Kisudani, mnene, mpole, amevaa thobu ya rangi ya zambarau, anatabasamu kwa kila anayepita. Somo akanivuta kwa mkono.

"Nimempata," alininong'oneza. "Kwenye basi. Tulikaa kiti kimoja. Ameolewa mara moja, mume yu hai, wanapendana, watoto wote wazima, alhamdulillahi. Nimemwalika."

"Somo! Mtu wa kwenye basi?"

"Mungu kamweka karibu yangu, nimfukuze?"

Nilitaka kumtikisa. Badala yake nikamfuata chumbani, maana mlango ulikuwa umefunguliwa na tunaitwa. Mjukuu alikuwa ameketi kwenye kiti kirefu, amevishwa, hina bakulini mbele yake. Wageni wamejaa hadi ukutani. Binti wa Somo alisimama nyuma ya mwanawe. Ndiyo mara ya kwanza kumwona, na nilimjua kabla sijaambiwa: hakuweza kusimama mahali pamoja. Mara anyooshe shingo ya gauni, mara asogeze bakuli.

Somo aliuviringua mtandio. Watu wakanyamaza kama ilivyo kawaida, kwa sababu hariri ile ikifunguka inanyamazisha. Kisha akamgeukia yule mama wa Kisudani, akamnyooshea.

Binti akauliza, polepole kabisa, "Mama, huyu nani?"

"Mgeni wangu."

"Mgeni wako ameolewa mara ngapi?"

Hakuna aliyecheka. Yule mama maskini wa Mungu hakufahamu Kiswahili, akatabasamu.

"Umefanya tena," binti alisema. "Unafanya tena, na mimi nipo hapa nakutazama."

"Naogopa, mwanangu." Somo aliyasema hayo kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, sauti ya mtu aliyesimama mahali pamoja. "Wewe hujui. Mie nimeachwa, nikaachwa, nikazika. Mkono huu hauna kheri. Nisimtie mtoto yale yangu."

"Mimi ulinitafutia mwenye kheri kuliko wote Jeddah. Nikaachwa." Binti alikuwa hafichi machozi, wala hayapangusi. "Nikaachwa vilevile, mama. Miaka yote nafikiri, kama ni kuachwa, si bora ningeachwa nimefunikwa na wewe? Mkono usio na kheri ndio ulionilea. Ulinilisha, ulinisuka, ulinikanda nilipougua. Kuniharibu kwenyewe ungeniharibu zamani."

Mjukuu alikaa viganja wazi mapajani, anangoja hina. Yule mama wa Kisudani alitazama uso mmoja, akatazama wa pili, kisha bila kuambiwa akarudi nyuma akasimama nami ukutani, akanishika mkono. Lugha nyingine hazihitaji kutafsiriwa.

Somo aliutazama mtandio. Nikamwona midomo inatembea, sijui kama ni dua au ni kumtukana yule bibi wa Kituruki. Akapiga hatua moja kuelekea kiti, nikashusha pumzi. Lakini hakusimama mbele ya kiti. Alikizunguka. Alikwenda nyuma, aliposimama binti yake, mwanamke wa makamo mwenye mvi zake na gauni la kawaida la kupikia wageni, akainua mikono miwili juu, na akaushusha mtandio juu ya kichwa cha binti huyo taratibu, mpaka maua yakafika kifuani na uso ukafichika ndani.

Binti hakujitikisa. Tuliona hariri inaingia na kutoka mdomoni kwa pumzi zake.

Mgeni mmoja akakohoa. Hina ilikuwa inaanza kukauka bakulini. Mjukuu akageuka nusu kitini, mapambo yote yanalia shingoni, akasema kwa sauti ndogo, "Bibi, bi harusi ni mimi."

"Najua, mama," Somo alimwambia, bado anaweka pindo sawa begani kwa binti yake. "Subiri kidogo. Huyu alitangulia."